Kipandauso Mlangoni pa Hospitali

Kiswahili kina neno lake la zamani kwa maumivu yashikayo upande mmoja wa kichwa, yakalielemea jicho, yakamfanya mtu auchukie mwanga wa mchana na kuyatapika hata maji aliyoyanywa. Neno hilo ni kipandauso. Waarabu huyaita maumivu hayo shakika, kutokana na shina lenye maana ya kupasua na ya upande wa kitu kilichopasuliwa. Wayunani walisema hemikrania, yaani nusu ya fuvu. Na neno hilo, ambalo Galeno alilitumia katika karne ya 2, ndilo Wafaransa walilolipunguza kichwa na mkia hata wakapata jina linalotumika leo katika vitabu vingi vya tiba duniani. Msomaji ataona kwamba wenzetu walipolitafutia jina jambo hili walitazama mahali lilipo, nusu hii au nusu ile. Sisi tulitazama mwendo wake, jinsi linavyopanda. Sidai kuwa jina letu ni bora. Nadai tu kuwa lilitungwa na mtu aliyewahi kuugua.

Insha hii haikusudii kueleza maradhi yote ya kichwa, kwa kuwa hayo ni mengi mno. Yakusudia kusimulia habari moja: mtu afikapo mlangoni pa hospitali usiku, kichwa kikimpasuka, akitaka jambo moja tu, maumivu yakome, elimu ya tiba imemtendea nini tangu zamani hata sasa, na kwa nini imechukua muda mrefu kumtendea lililo jema.

Nilianza kuitafuta habari hii kwa sababu ya shangazi yangu, Mungu amrehemu. Alikuwa mwenye kipandauso tangu ujana wake. Kilipomjia alikaza kitambaa kichwani, akafunga madirisha, akalala juu ya sakafu kwa ajili ya ubaridi wa saruji, na sisi watoto tulikatazwa hata kuburuta kiti. Usiku mmoja kilimzidi, tukampeleka hospitali. Tuliketi juu ya benchi, chini ya taa nyeupe kali kuliko zote nilizopata kuziona, tangu saa tatu hata karibu na alfajiri. Muuguzi kijana alipopita, nilimwomba amtazame. Akasema kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, “Shikamoo mama. Hicho ni kichwa tu, tutakufikia.” Shangazi akamwitikia, “Marahaba mwanangu. Laiti ungekiazima kwa muda wa kuvuka ua huu.” Alipewa vidonge viwili vya aspirini, akavitapika kabla hatujafika langoni.

Neno lile, “kichwa tu”, nimelikuta tena katika historia ya tiba, limevaa mavazi mengine lakini ni lile lile. Tabibu aliyesimama mlangoni hukabiliwa na hofu mbili. Ya kwanza ni kuwa kichwa hiki chaweza kuwa mwanzo wa mauti: mshipa uliopasuka ubongoni, au homa ya uti wa mgongo. Ya pili ni ya mgonjwa zaidi kuliko ya tabibu, nayo ni kwamba kichwa kisichoua kitahesabiwa kuwa si kitu. Hofu ya kwanza ilipata vyombo vya thamani kubwa. Ya pili ilingoja.

Wazee wa tiba hawakukidharau kichwa. Al-Zahrawi, mpasuaji mashuhuri wa Andalusia aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 11, aliagiza katika kitabu chake kikubwa kwamba mwenye shakika achomwe kwa chuma cha moto penye maumivu, na akishindwa kupona, apasuliwe ngozi ya panja na kutiwa chembe ya kitunguu saumu ndani yake, kisha afungwe. Katika mwambao wetu watu walipiga chuku, wakaifyonza damu kwa pembe, au walikaza kitambaa kama alivyofanya shangazi. Yatupasa tusiyacheke mambo haya haraka. Mtu aliyekubali kutiwa kitunguu ndani ya nyama yake alikwisha kupima maumivu mawili akachagua dogo. Na tabibu aliyemtia alikuwa amemsadiki. Kusadikiwa kumepungua sana tangu zamani hizo, ijapokuwa dawa zimeongezeka.

Dawa ya kwanza iliyostahili jina la dawa ya kipandauso ilitoka katika sumu. Rai ni nafaka ya nchi za baridi, jamaa ya ngano. Katika mwaka wa mvua nyingi masuke yake huota vijipembe vyeusi ambavyo si punje bali ni kuvu. Watu wa Ulaya wa karne za kati walipovisaga vijipembe hivyo pamoja na punje wakaoka mkate, walipatwa na balaa waliloliita moto wa Mtakatifu Antoni: vidole na miguu viliungua kana kwamba vimetiwa jikoni, vikawa vyeusi, vikakatika pasipo kutoka damu. Sababu yake ni kuwa sumu ya kuvu hiyo huibana mishipa hata damu isipite. Wakunga nao walijua kwamba kuvu ile ile, ikitolewa kidogo, huharakisha uchungu wa uzazi. Mwaka 1868 tabibu wa Kiingereza, Edward Woakes, aliandika juu ya kuitumia katika maumivu ya neva. Mwaka 1918 Arthur Stoll, mkemia wa Sandoz mjini Basel, alitoa katika kuvu hiyo kiini kimoja safi, akakiita ergotamini. Na katikati ya miaka ya 1920 Ernst Rothlin na Hans Maier, huko huko Uswisi, walikijaribu kwa wenye kipandauso, wakaona watu waliolala gizani tangu asubuhi wakiinuka na kuomba chakula.

Sasa ilitafutwa sababu. Mwaka 1938 John Graham na Harold Wolff, matabibu wa Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kwa uzuri wake lingeweza kumshawishi mtu yeyote. Waliweka chombo juu ya mshipa wa panja la mgonjwa aliyekuwa katika maumivu, chombo kikachora mapigo ya mshipa juu ya karatasi. Kisha walimpiga sindano ya ergotamini. Mapigo yakapungua kimo kidogo kidogo, na kwa kadiri yalivyopungua maumivu nayo yakapungua. Hapo ikaonekana siri imefichuka: kipandauso ni mshipa uliotanuka, na dawa ni kitu chochote kiubanacho. Rai hii ilitawala kwa nusu karne. Walifundishwa wanafunzi, wakafundisha wanafunzi wao. Lakini mambo mawili yakienda pamoja si lazima moja liwe mzazi wa jingine, na mwaka 2013 watafiti wa Denmark walipowapiga wagonjwa picha za mishipa wakati kipandauso kimewashika, hawakuiona mishipa ya nje ya fuvu ikiwa imetanuka. Siku hizi wataalamu wengi husema kuwa chimbuko la ugonjwa limo katika ubongo wenyewe na neva za uso, na mshipa ni mpiga ngoma aliyealikwa, si mwenye harusi.

Hata hivyo rai hiyo isiyokamilika ilizaa matunda. Dihidroergotamini, nduguye ergotamini mwenye ukali mdogo, ilitengenezwa na Stoll na Albert Hofmann mwaka 1943, na miaka miwili baadaye Bayard Horton na wenzake wa Mayo Clinic huko Minnesota waliijaribu kwa wagonjwa wa kichwa. Mwaka 1961 Federigo Sicuteri na wenzake wa Italia waliona katika mkojo wa wagonjwa alama za serotonini, kemikali ambayo mwili huitumia katika kazi nyingi, zikiongezeka wakati wa shambulio. Na mwaka 1967 James Lance na wenzake wa Australia wakaona serotonini ya damu ikishuka wakati huo huo. Tangu mwaka 1972 Patrick Humphrey na wenzake katika kampuni ya Glaxo, Uingereza, walitafuta kitu kitakachoigusa milango ile tu ya serotonini iliyomo katika mishipa ya kichwa na kuiacha mingine. Kazi hiyo iliwachukua miaka mingi, nayo ikazaa sumatriptani, ambayo ilianza kuuzwa Uholanzi mwaka 1991. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka huo, wagonjwa 70 katika kila 100 waliopigwa sindano yake chini ya ngozi walipata nafuu kwa muda wa saa moja, nao waliopewa sindano tupu walikuwa 22. Ni ushindi mkubwa. Lakini dawa iwezayo kuibana mishipa ya kichwa yaweza kuibana ya moyo pia, kwa hiyo haifai kwa mwenye maradhi ya mishipa ya moyo. Na bei yake, kwa miaka mingi, haikuwa ya mtu wa kawaida.

Nimeisimulia njia hii ya kwanza kwa kirefu kwa kuwa ndiyo inayopendwa na vitabu: kuna nadharia, kuna maabara, kuna ushindi. Njia ya pili haikuwa na fahari hata kidogo. Ilianza katika vyumba vya dharura, na wapitaji wake hawakuwa wakitafuta siri ya kipandauso. Walitaka kuzuia kutapika.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba chumba cha dharura chenyewe, kama tukijuavyo, si cha zamani. Hospitali nyingi zilikuwa na chumba cha majeruhi ambamo daktari aliyekuwa zamu, mara nyingi mdogo kuliko wote na mwenye usingizi kuliko wote, aliitwa kutoka wodini. Mwaka 1961 James Mills na madaktari wenzake katika mji wa Alexandria, jimbo la Virginia, waliziacha shughuli zao nyingine wakajitolea kukihudumia chumba hicho usiku na mchana. Chama cha madaktari wa dharura wa Marekani kiliundwa mwaka 1968, mafunzo ya kwanza ya ubingwa huo yalianza Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1970, na mwaka 1979 ubingwa ukatambuliwa rasmi. Kwa hiyo yule mtu wa kipandauso, aliyekuwa akibisha mlango tangu zamani za Galeno, alipata mwenyeji wa kudumu wa mlango huo katika miaka ambayo wazazi wetu wanaikumbuka vizuri.

Mwenyeji huyo alimkuta mgeni wake akitapika. Kipandauso huliduwaza tumbo. Mwaka 1974 Glyn Volans, huko Uingereza, alionyesha kuwa aspirini aliyomeza mtu wakati wa shambulio hufyonzwa mwilini polepole kuliko siku nyingine; na hapo nilielewa, miaka mingi baada ya tukio, habari ya vile vidonge viwili vya shangazi. Ergotamini nayo, pamoja na wema wake, yenyewe hutapisha. Basi ilikuwa desturi kumpa mgonjwa dawa ya kichefuchefu kwanza, kama mtu atumavyo mtumishi kufagia njia kabla bwana hajapita. Dawa hizo zilikuwapo tayari. Klorpromazini ilitengenezwa na Paul Charpentier wa Ufaransa mwishoni mwa mwaka 1950, ikajulikana kwa kuwatuliza wenye wazimu. Proklorperazini ni ya ukoo huo huo. Na metoklopramidi, nayo ya Ufaransa, ilitangazwa mwaka 1964 kuwa dawa ya tumbo. Zote huifunga milango ya dopamini, kemikali nyingine ya ubongo.

Ikawa ajabu. Mtumishi alipita, na kabla ya bwana kufika, maumivu yalikuwa yamekwisha kuondoka. Aliyekaa karibu na wagonjwa aliliona jambo hili, lakini kuliona si kulithibitisha. Mwaka 1983 Kenneth Iserson, daktari wa dharura huko Marekani, aliandika habari za wagonjwa wa kipandauso aliowatibu kwa klorpromazini. Mwaka 1989 likachapishwa jaribio lililo nyofu zaidi: wagonjwa 82 wenye kichwa kikali waligawanywa kwa kura, wengine wakatiwa proklorperazini katika mshipa, wengine maji ya chumvi, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani amepata nini. Baada ya saa moja, katika kila 100 waliopata dawa, 88 walikuwa wamepona kabisa au kwa sehemu. Waliopata maji ya chumvi walikuwa 45.

Namwomba msomaji asiipite haraka hesabu hiyo ya pili. Watu 45 katika 100 walipata nafuu kwa maji ya chumvi. Wengine watasema hiyo ni ithibati kwamba kichwa ni ugonjwa wa dhana. Mimi nasema sivyo. Mgonjwa aliyelazwa, akaguswa mkono, akaambiwa kuwa ameaminiwa na atatazamwa baada ya saa moja, amekwisha kupewa kitu ambacho shangazi yangu hakukipata. Na maumivu ya kichwa, kama mvua, mengine hukatika yenyewe. Jaribio lenye haki hulihesabu hilo, kisha huuliza dawa imeongeza nini juu yake. Nayo proklorperazini iliongeza mengi.

Nani hakuitarajia basi dawa hiyo, nafuu kwa bei na iliyojaa makabatini, itawale vyumba vya dharura tangu mwaka 1989? Haikutawala. Vyumba hivyo vilikwisha kushikwa na jamaa ya afyuni. Mofini ilijulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 19, na pethidini ilitoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1930, ikasambaa duniani kote pamoja na sifa ambazo haikustahili. Kwa miaka mingi Marekani mwenye kipandauso alipigwa sindano ya pethidini, akalala, akaandikwa kuwa amepona. Huko takwimu za nchi nzima zaonyesha kuwa dawa za jamaa hiyo zilitolewa katika 51 ya kila ziara 100 za kipandauso mwaka 1998. Na mwaka 2010, ziara hizo zilipokuwa kiasi cha milioni 1.2, zilitolewa katika 59. Elimu ilikwenda mbele, mazoea yakarudi nyuma.

Dhambi ya dawa hizi haikuwa katika kulewesha peke yake. Mtu azitumiaye mara kwa mara kwa kichwa hupata kichwa kingine kitokanacho na dawa zenyewe, na hurudi hospitali upesi zaidi. Na arudipo, hapo ndipo lile “kichwa tu” linapovaa vazi lake baya kuliko yote. Sasa yeye si mgonjwa wa kupuuzwa, ni mshukiwa. Hospitali iliyomzoeza dawa hiyo humtazama kwa jicho la polisi na kuuliza kama amekuja kwa maumivu au kwa ulevi. Anayesema ukweli na anayesema uwongo huketi juu ya benchi moja, nao wote hutoa machozi yale yale, maana kipandauso hakina damu ya kuonyesha wala mfupa uliovunjika. Sijui dhuluma nyingine katika tiba iliyo kamili kama hiyo: kumpa mtu dawa isiyomfaa, kisha kumlaumu kwa kuirudia.

Aliyeipiga hoja hiyo msumari wa mwisho, kwa maoni yangu, ni Benjamin Friedman na wenzake wa hospitali ya Montefiore, katika mtaa wa Bronx, New York. Waliwagawa kwa kura wagonjwa wa kipandauso katika makundi mawili: kundi moja lilitiwa proklorperazini katika mshipa, la pili hidromofoni, dawa ya jamaa ya afyuni yenye nguvu kuliko mofini. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, walipokuwa wagonjwa 127, kwa sababu wasimamizi waliona kwamba kuendelea kulikuwa kuwanyima wengine haki. Waliopata nafuu iliyodumu kwa saa 48 walikuwa 60 katika kila 100 wa proklorperazini, na 31 katika kila 100 wa hidromofoni. Habari hii ilichapishwa mwaka 2017. Mwaka mmoja kabla yake, chama cha wataalamu wa kichwa cha Marekani kilikwisha kuagiza kwamba mgonjwa wa kipandauso chumbani mwa dharura apewe metoklopramidi au proklorperazini katika mshipa, au sumatriptani chini ya ngozi. Aongezewe deksamethasoni ili kichwa kisirudi. Na mofini na hidromofoni ziepukwe. Deksamethasoni haiondoi maumivu ya saa ile, ila majaribio yaliyokusanywa pamoja mwaka 2008 yalionyesha kuwa huwapunguza wenye kurudiwa na kichwa katika siku tatu zifuatazo kwa kiasi cha robo. Dawa za dopamini nazo zina kasoro yao: humtia mtu wahaka asiweze kutulia kitandani, akatamani kuitoka ngozi yake, na wakati mwingine hukaza misuli ya shingo na macho. Kuipitisha metoklopramidi polepole, kwa robo saa badala ya dakika mbili, hupunguza wahaka huo. Robo saa si kitu kikubwa, lakini katika chumba kilichojaa watu yataka muuguzi aliye na robo saa.

Nimesema kuwa hofu ya kwanza ilipata vyombo. Mwaka 1891 Heinrich Quincke wa Kiel alionyesha jinsi ya kuingiza sindano kiunoni na kuteka maji yazungukayo uti wa mgongo. Maji yakitoka na damu, au na usaha, siri ya kichwa hujulikana. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley, London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya kichwa kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, ambayo huzungusha miali ya eksirei na kuiachia kompyuta kazi ya kuunda sura ya ubongo. Tangu hapo mshipa uliopasuka ungeweza kuonekana pasipo kulifungua fuvu. Jeffry Perry na wenzake wa Kanada walichapisha mwaka 2011 habari za wagonjwa 3,132 waliofika na kichwa kilichowapiga ghafula kama radi. Wenye damu iliyovuja chini ya utando wa ubongo walikuwa 240. Na kati yao, wote 121 waliopigwa picha ndani ya saa sita tangu maumivu kuanza walitambuliwa kwa picha hiyo. Saa sita zikishapita, picha huanza kukosa. Kwa hiyo swali kubwa la mlangoni si “Chauma kiasi gani?” Swali ni “Kilianza saa ngapi, na kilianzaje?” Kipandauso hupanda; damu hupiga.

Katika Afrika ya Mashariki maswali ya mlangoni ni mengi zaidi. Majaribio niliyoyataja yalifanywa karibu yote mahali ambapo mwenye kichwa na homa hashukiwi malaria. Kwetu kichwa na homa ni malaria hata damu ipimwe, na ni homa ya uti wa mgongo hata shingo itazamwe. Na kwa mtu ambaye virusi vya Ukimwi vimempunguzia kinga, kichwa kilichodumu majuma mawili pasipo ukali mkubwa chaweza kuwa kuvu iliyoingia katika utando wa ubongo. Tabibu akimaliza maswali hayo yote, mara nyingi nguvu za kuulizia kipandauso zimekwisha, na foleni haijaisha. Idara kamili ya kwanza ya dharura katika hospitali ya umma Tanzania ilifunguliwa Muhimbili mwanzoni mwa mwaka 2010, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kilianza kufundisha mabingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Metoklopramidi ni bei ya chini, nayo haikosekani katika vituo vingi, huko ambako sumatriptani haijulikani hata jina. Wamarekani walifikia dawa hiyo baada ya kuzunguka kwa afyuni. Sisi hatuna haja ya kuzunguka.

Shangazi aliugua tena miaka kadhaa baada ya usiku ule wa benchi, nasi tulimpeleka hospitali nyingine. Daktari aliyekuwa zamu alimwuliza kilianza saa ngapi, na kilianzaje. Alimtazama macho na shingo, akamlaza katika chumba cha pembeni, akazima taa. Dawa ilipitishwa katika mshipa polepole, muuguzi ameketi karibu. Baada ya nusu saa shangazi aliomba chai. Kabla hatujaondoka alimwuliza daktari jina la dawa hiyo na kazi yake, naye akamjibu kwamba kwa kawaida ni dawa ya kutapika. Njiani shangazi alinyamaza kitambo, kitambaa chake amekikunja mkononi, kisha akasema, “Kumbe miaka yote hii nilikuwa nawaambia ugonjwa usio wangu.”